Mjadala: Anayeuza kopo aruhusiwe kumwambia mteja anywe kiasi gani?

Mleta hoja, Ngamiani

Assalaam alaykum na habari zenu wapiga chuma wa Tanga. Hoja ni hii. Katika jimu zetu, anayemfundisha kijana kunyanyua vyuma mara nyingi ndiye mwenye makopo ya virutubisho kwenye rafu nyuma ya meza. Kijana akiuliza "kreatini ninywe kiasi gani?", anayemjibu ana faida ndani ya jibu. Napendekeza kanuni ibandikwe ukutani: anayeuza asitaje dozi. Aseme bei, aonyeshe lebo na tarehe ya kuisha muda, basi. Dozi aulizwe mtu asiye na maslahi.

Tazameni hesabu. Kreatini monohaidreti, unga wa kuongeza nguvu ya misuli, inamtosha mtu mzima kwa gramu 3 hadi 5 kwa siku. Kopo la gramu 300, kwa gramu 5 kila siku, linakwenda siku 60. Akiambiwa aanze kwa "kujaza", yaani gramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 5 hadi 7, wiki ya kwanza peke yake inameza gramu 100 hadi 140, kuanzia theluthi hadi karibu nusu ya kopo. Kujaza si uongo, kunaijaza misuli ndani ya wiki badala ya wiki 3 au 4. Lakini mwezi ukiisha, aliyejaza na aliyekwenda polepole wako pale pale. Mwenye duka atamchagulia njia ipi kijana asiye na mashindano yoyote mbele yake?

Muuza virutubisho, Makorora

Ndugu yangu, hesabu yako ni sahihi, ila kanuni yako siikubali. Muuzaji akinyamaza, kijana haendi kwa mfamasia. Anakwenda kwa mwenzake mwenye kifua kipana, na huyo hamtajii gramu, anamwambia "piga vijiko viwili". Kijiko gani? Vijiko vinavyokuja ndani ya makopo havina kipimo kimoja. Kimoja kinabeba gramu 5, kingine 10, cha protini 30 au zaidi. Tuseme unga wa kabla ya tizi, ule wa kuchangamsha mwili kabla ya mazoezi, una miligramu 300 za kafeini katika kila gramu 10. Mtu akiuchota kwa kijiko cha protini anakunywa miligramu 900 kwa mkupuo, wakati wakaguzi wa usalama wa chakula wa Ulaya na Marekani wanahesabu miligramu 400 kwa siku nzima kuwa ndiyo kikomo cha kawaida kwa mtu mzima mwenye afya, kahawa na chai zikiwa humo humo. Mapigo ya moyo yatakwenda mbio, mikono itatetemeka, atatapika, na anaweza kuishia hospitali.

Ninachokubali ni hiki: muuzaji atangulize kusema "kopo hili ni langu, ukinunua napata". Halafu asome lebo mbele ya mteja, ataje gramu, na asitaje vijiko.

Mfamasia, Chumbageni

Nyote mnabishana juu ya nani ajibu. Mimi naona kasoro inaanzia kwenye swali. "Protini gani nzuri?" ni swali lisilojibika. Muulizaji aje na umri wake, uzito wake, anachokula kutwa, lengo lake, na muda aliokwisha kufanya mazoezi. Kuna jambo la pili zito zaidi: maradhi na dawa. Hapo ndipo adabu yetu ya pwani inapotudai uangalifu, kwa sababu mtu hatatangaza presha yake, sukari yake wala ujauzito wake mbele ya watu ishirini wanaosubiri benchi. Basi usimuulize hadharani. Mwambie: "Kama una tatizo la figo, moyo, presha au sukari, kama ni mjamzito, au kuna dawa yoyote unayomeza sasa, usinijibu hapa. Nenda duka la dawa na lebo ya kopo kabla hujafungua." Umemlinda, na siri yake amebaki nayo.

Mfano mmoja uliopo kila mtaa ni sipro (ciprofloxacin), antibiotiki ya kuua bakteria. Dawa hii inapunguza kasi ya ini kuivunja kafeini, kwa hiyo kipimo kile kile cha unga wa kabla ya tizi kinakaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo unadunda na usingizi unapaa. Upande wa pili, kalsiamu iliyomo katika maziwa na unga wa protini ya maziwa inaikamata sipro tumboni, dawa haiingii kwenye damu ya kutosha na maradhi hayaponi. Inamezwa angalau saa 2 kabla ya vitu hivyo au saa 6 baada yake. Mwenye kifua kipana atayajulia wapi haya?

Na kreatini ikishatumika, sehemu yake hugeuka kuwa kreatinini, kitu kile kile ambacho maabara hukipima kuangalia figo. Kipimo kinaweza kupanda figo zikiwa salama. Kwa hiyo mtumiaji amwambie daktari kwamba anatumia. Ila asitokee mtu jimuni akamwambia mwenye kipimo kilichopanda kwamba "hiyo kawaida, ni kreatini tu". Hilo ni la daktari kulisema baada ya kupima vingine.

Kocha wa vijana, Mikanjuni

Mimi niko na mleta hoja kwa sababu nyingine kabisa: tunarukia kopo kabla ya sahani. Mwenye kilo 70 anayefanya mazoezi ya nguvu anatosheka na protini ya takriban gramu 1.6 kwa kila kilo, yaani gramu 112 kwa siku. Hesabuni nami. Mayai 3 asubuhi, gramu 18. Nusu lita ya maziwa, 16. Kikombe cha maharage yaliyopikwa, 15. Samaki wa soko la Deep Sea wa gramu 150 mchana, karibu 33. Usiku nyama au samaki gramu 100, kama 25. Jumla 107, na hapo wali, ugali na chapati hatujazihesabu, nazo zina zake chache chache zinazomfikisha. Dagaa wakavu hawahitaji sifa kutoka kwangu, nusu ya uzito wao au zaidi ni protini tupu.

Kwa hiyo mtu akiulizwa unga wa protini, swali lake la kwanza liwe "jana ulikula nini?" Na kwa aliye chini ya miaka 18, jibu liishie kwenye chakula, usingizi na mbinu ya kunyanyua. Unga wa kabla ya tizi asitajiwe hata jina.

Muuza virutubisho, Makorora

Kocha, la watoto nimelipokea lote. La sahani nina neno. Mtu anayetoka zamu ya usiku bandarini hana jiko wala mpishi. Unga wa wei ni chakula pia, ni protini ya maziwa iliyokaushwa. Haki ni kumpa mteja kipimo cha kulinganisha, achague mwenyewe. Kopo la gramu 900, kijiko cha gramu 30 chenye protini gramu 24: vijiko 30, jumla gramu 720 za protini. Trei moja ya mayai 30 ina takriban gramu 180. Kwa hiyo kopo hilo ni sawa na trei 4. Bei ya kopo ikizidi bei ya trei 4, mayai ni nafuu. Muuzaji anayeogopa kuifanya hesabu hiyo mbele ya mteja ana lake.

Pia mfundisheni mteja kugawa: 24 kwa 30 ni asilimia 80. Akikuta kijiko cha gramu 30 kina protini gramu 8, huo ni unga wa kunenepesha, sehemu kubwa ni wanga na sukari. Wapo wanaouita protini kwa sababu kopo ni kubwa.

Mchangiaji, Raskazone

Nimesoma yote, lakini mbona hamjagusa ushuhuda? Makosa mengi hayatoki kwa muuzaji, yanatoka kwa aliyekwisha kutumia na anayesema kwa nia njema "limenifaa". Kreatini wiki ya kwanza inaongeza kilo 1 hadi 2, na hayo ni maji yanayoingia kwenye misuli. Picha za kabla na baada za siku 10 ni picha za maji. Beta-alanini, kiungo kimojawapo cha unga wa kabla ya tizi, inawasha usoni na mikononi, basi kijana anaambiwa "ikiwasha ujue inafanya kazi". Siyo. Kuwasha ni mishipa ya fahamu ya ngozi kuguswa na kipimo kikubwa cha mara moja. Ukigawanya kipimo hicho mara kadhaa kwa siku kuwasha kunapungua, na faida, kama ipo, inakuja kwa wiki kadhaa za kutumia mfululizo.

Anayetoa ushuhuda aseme ametumia muda gani, kiasi gani kwa gramu, uzito wake, na nini kingine alibadilisha wakati huo huo. Aliyeanza kreatini, mayai manne na kulala mapema ndani ya wiki moja hana haki ya kuisifia kreatini peke yake.

Na la mwisho kwa upande wa wanawake: dada akiuliza kuhusu kirutubisho, mjibuni kirutubisho. Umbo lake hakuliuliza.

Mleta hoja, Ngamiani

Dada wa Raskazone umenizindua. Nauliza basi: vitu vya hatari kabisa, vya kukausha mafuta na sindano za kujaza misuli, tuvitaje au tuvinyamazie? Mimi nilikuwa wa kunyamaza.

Mfamasia, Chumbageni

Taja madhara, usitaje kipimo. Kuna kemikali inaitwa DNP, inauzwa mitandaoni kama kidonge cha kukausha mafuta. Marekani ilitangazwa mwaka 1938 kuwa haifai kutumiwa na binadamu. Inaufanya mwili uunguze nishati yake kuwa joto, na joto hilo likishapanda hakuna dawa ya kuizima. Kwa hali ya hewa yetu ya jua na unyevu, mtu hata hana pa kupoza mwili. Haina dozi salama ya kujadiliwa. Mwenye kutoka jasho jingi, joto kali, kuhema haraka na mapigo ya mbio baada ya kumeza kidonge cha namna hiyo anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo, na kopo au pakiti inakwenda naye.

Ukinyamaza, anayeuza gizani ndiye anayebaki kuwa mwalimu pekee.

Kocha wa vijana, Mikanjuni

Naongeza kwa wanaoshindana. Kanuni za kupambana na dawa michezoni zinamhesabia mwanamichezo kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Kwa hiyo neno "hili ni salama" lisitoke kinywani mwa kocha wala muuzaji. Makopo yenye nembo ya Informed Sport hupimwa kwa namba ya toleo (batch). Anayeshauri aitafute namba iliyopigwa kwenye kopo lenyewe katika orodha yao. Picha ya kopo la rafiki haithibitishi chochote kuhusu la kwako. Na chupa ya kutikisia haiazimwi, isije ikabeba mabaki ya unga wa mwingine.

Mchangiaji, Raskazone

Ramadhani je? Kila mwaka mabishano ni yale yale.

Kocha wa vijana, Mikanjuni

Kreatini haina saa yake maalumu, hivyo futari au daku ni sawa, muhimu isirukwe na maji yanywewe ya kutosha usiku. Kafeini ndiyo ya kuangaliwa. Baada ya saa kama 5 nusu yake bado imo mwilini. Ukinywa miligramu 200 saa 3 usiku ili upige tizi baada ya tarawehe, saa 8 usiku bado unazo kama 100, na daku inakukuta macho makavu. Wenye mazoea hayo wapige chuma karibu na magharibi, au waache unga huo mwezi mzima.

Muuza virutubisho, Makorora

Nirudi kwenye kanuni. Nipo tayari ibandikwe dukani kwangu, ikiwa itasomeka hivi: mwenye kuuza aseme anauza. Atakayetaja kiasi, awe muuzaji au si muuzaji, ataje gramu au miligramu na asome lebo. Asiyejua aseme sijui. Mwenye maradhi au dawa aelekezwe duka la dawa bila kuulizwa zaidi. Na kopo ambalo lebo yake imeandika "mchanganyiko maalumu" wa gramu kadhaa bila kusema kila kitu kimo kiasi gani, lisitolewe ushauri wowote, kwa kuwa hata muuzaji hajui kilichomo.

Mleta hoja, Ngamiani

Hilo la mwisho nalichukua kwa mikono miwili. La dozi bado sijashawishika. Lebo ya kreatini yenyewe mara nyingi inaelekeza kujaza, na aliyeandika lebo ni muuzaji mkubwa kuliko wewe. Ukiisoma tu, umepitisha faida ya mwingine.

Muuza virutubisho, Makorora

Basi iandikwe hivi: palipo na njia mbili, msomaji wa lebo azitaje zote, na aseme kila moja inamaliza kopo kwa siku ngapi.

Mfamasia, Chumbageni

Kwa hapo mimi nakubali. Naomba pia chini ya karatasi hiyo iachwe nafasi ya kuandika jina la bidhaa, namba ya toleo, tarehe ya kufunguliwa na dalili iliyotokea. Tangu 2019 mambo ya chakula yako TBS (Shirika la Viwango) na ya dawa yako TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na huko kote taarifa isiyo na namba ya toleo ni vigumu kuifuatilia. Watu wanatupa kopo tupu siku ile ile, halafu mgonjwa anafika na maneno matupu, "lilikuwa jekundu, lina picha ya simba".