Dada wa usafi kachomwa sindano kwenye mfuko wa taka, naambiwa tusubiri Jumatatu

NesiMbagala:
Wadau habari za jioni, naomba msaada wa haraka. Mi ni nesi kwenye kituo cha binafsi huku Mbagala. Leo mchana dada anayetufanyia usafi alikuwa anafunga mfuko mweusi wa taka za kawaida, akaukandamiza hewa itoke, sindano ya kanula (ile ya kuwekea dripu) ikamchoma kiganjani, alikuwa kavaa hizi glavu nyepesi za wodini basi ikapita moja kwa moja na damu ikatoka. Ni ya mgonjwa gani hatujui, asubuhi nzima watu walikuwa wanatundikiwa dripu pale. Inchaji anasema yule sio mwajiriwa wetu, ni wa kampuni ya usafi wampeleke wao, na bosi wa kampuni anasema yuko safari mpaka Jumatatu. Leo Ijumaa! Dada mwenyewe ananyonyesha na anaogopa akilalamika atafukuzwa. Nifanyeje, na nani anawajibika?

Binti_CTC:
Mpendwa usimsubiri mtu yeyote, mchukue muende sasa hivi. Kama CTC (kliniki ya dawa za ukimwi) ya jirani imeshafungwa nendeni dharura hospitali ya rufaa Temeke, mweleze kachomwa sindano kazini anahitaji PEP, zile dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visishike baada ya ajali kama hii. Dawa ikianza ndani ya saa 2 ndo vizuri zaidi na mwisho ni saa 72, sasa piga hesabu, kachomwa Ijumaa mchana, saa 72 zinaisha Jumatatu mchana, huyo bosi akikwama tu kwenye foleni ya kivuko muda umeisha. Atameza siku 28. Aseme mapema kuwa ananyonyesha, haimzuii kupewa ila watamshauri kuhusu mtoto. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikikamue na asimwagie jiki.

Na jamani tunawaza ukimwi tu. Sindano yenye virusi vya ukimwi inaambukiza kama watu 3 kati ya 1000, lakini homa ya ini B kwa asiyechanjwa inaweza kufika hadi 30 kati ya 100. Muulize kama ana chanjo, kama hana aanze leo leo.

Fundi_Usalama:
Binti kamaliza ya matibabu, mi niongelee uwajibikaji. Hii ni ajali kazini, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 haibagui nesi na mfagiaji. Mwajiri wake ni kampuni ya usafi kwahiyo yeye ndo wa kumtolea taarifa WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), mchango wa kule anatoa mwajiri na mfanyakazi hakatwi hata senti. Lakini kituo chenu hakichomoki, kaumia kwenye jengo lenu kwa sindano yenu. Andikeni kwenye kitabu cha ajali leo, saa, sehemu, nani alikuwepo, na yeye abaki na nakala au hata picha ya simu, maana bila maandishi akija kuumwa baadae kila mtu ataruka.

Swali langu kubwa ni boksi la kutupia sindano zilizotumika lilikuwa wapi?

NesiMbagala:
Tumerudi sasa hivi, kapimwa, kameza dozi ya kwanza na chanjo kaanza, hakuwahi kuchanjwa kabisa. Mungu awabariki. Boksi liko koridoni, na nimeenda kuliangalia limejaa mpaka sindano zinachungulia mdomoni.

Fundi_Usalama:
Basi hapo ndo ajali ilipoanzia. Nesi kashika kanula yenye damu, mgonjwa anamwita, boksi mpaka atoke nje, anaiweka kwenye trei na trei inamwagwa kwenye mfuko. Msitafute wa kumfukuza. Boksi liwe pale pale mnapomchomea mgonjwa sindano, mkono uwe unalifikia bila kupiga hatua, likifika robo tatu lifungwe. Na wa usafi wapewe glavu nzito za raba na gambuti, mfuko ushikwe shingoni, usikandamizwe kamwe.

mamaJ_Tabata:
Mi ni mfagiaji hospitali, hizo chanjo tunaambiwa ni za manesi na madaktari. Tukizitaka tuanzie wapi?

Binti_CTC:
Mama angu, wewe ndo unagusa taka zote, unastahili kabisa. Muende kwa matroni mkiwa kikundi na majina yenu kwenye karatasi, muombe mpimwe kwanza homa ya ini B. Dozi ni 3, leo, baada ya mwezi 1, na miezi 6 tangu ile ya kwanza. Ile ya mwisho ndo wengi wanaisahau, iandike kwenye kalenda.