Betri imeandikwa 6000 mAh, ndani ni 1900: wauza magari ya rimoti Dar mtatuunguza

Wakuu, uzi huu nauelekeza kwa wauzaji wa betri za magari ya rimoti hapa Dar, na kwa kila mdau aliyewahi kupigwa kama nilivyopigwa mimi. Nina hasira na sitaificha. Mtu anakuuzia betri kwa laki moja na ishirini, juu imeandikwa 6000 mAh (kiasi cha chaji inachobeba), 80C (kasi ya kuitoa hiyo chaji), kwa maandishi ya dhahabu, halafu gari linaishiwa nguvu kabla hata mota haijapata joto. Ukirudi dukani unaambiwa umeichaji vibaya. Duka silitaji, kwa sababu mchezo huu hauchezwi na duka moja. Zunguka Kariakoo utaikuta betri ileile, stika tofauti.

Nianze na betri yenyewe. Ni LiPo, betri ya lithiamu polima, ya 2S, yaani seli mbili, volti 7.4, ndani ya kasha gumu jeusi. Niliichaji kwa chaja inayobalansi seli, yaani inayosawazisha volti zake, ampea 2 tu, taratibu, mpaka kila seli ikafika volti 4.2. Nikaishusha kwa chaja hiyohiyo hadi volti 3.2 kwa seli, kisha nikaijaza upya huku macho yangu yakiwa kwenye kioo cha chaja. Ilipokea mAh 1,900, ikajaa. Nikarudia, jibu likawa lilelile. Tukaenda nayo uwanjani hivyo hivyo, na haikuchukua muda ikaanza kuvimba, kasha likaachia kwenye mshono. Nikaimaliza umeme wote, nikatoka nje ya nyumba na kulifungua kasha. Ndani mlikuwa na vipakiti viwili vyembamba vya rangi ya fedha, havijazi hata nusu ya kasha. Nafasi iliyobaki imepakiwa sponji nyeupe, imekatwa kwa kipimo, ikabandikwa kwa gundi. Sponji, wakuu! Kuna mtu alikaa akaikata ile sponji ili betri isicheze ndani ya kasha mteja akiitikisa. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba hilo ni kosa la kiwandani. Ni wizi uliopangwa.

Na wala huhitaji kufungua kasha ili uujue. Mizani ya jikoni inatosha. 6000 mAh mara volti 7.4 ni wati-saa 44.4. LiPo za magari yetu hubeba karibu wati-saa 150 kwa kila kilo moja, kwa hiyo betri ya namna hiyo lazima iwe na uzito wa gramu 300 hivi, iwe imetoka China, Japani au mbinguni. Yangu ilisoma gramu 168. Sasa njoo kwenye hiyo 80C. Maana yake ni mara 80 ya ampea 6 za stika, yaani betri inaweza kutoa ampea 480 mfululizo. Zidisha na volti 7.4, unapata wati zaidi ya 3,500, ambazo ni sawa na kuwasha pasi tatu za umeme kwa mpigo, kupitia waya wa unene wa 14 AWG na plagi ya XT60 ambayo jina lake lenyewe linakwambia imetengenezwa kwa ampea 60. Aliyeandika namba hiyo alijua mnunuzi hatapiga hesabu.

Wengine wataniambia, mkuu, ni midoli tu, ya nini kutoa povu. Hapo ndipo mnaponikera zaidi. Gari langu ni Slash ya Traxxas, lilikuja na mota ya brashi. Nimelitoa huko kwa mikono yangu: nimeweka mota isiyo na brashi ya Kv 3200 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), ESC (kifaa kinachodhibiti umeme wa mota) ya ampea 120, pinioni, ile gia ndogo ya mota, ya chuma, nimebadilisha mafuta ya shokapu mpaka linatua kutoka kwenye ruka bila kugonga tumbo. Beringi nazifungua na kuzisafisha kila tunapotoka, kwa sababu mchanga wa pwani yetu una chumvi na chumvi haisamehi. Kila plagi nimeilehemu mwenyewe. Nimejibana kupata hiyo pesa. Mota ya namna hiyo inapoomba ampea nyingi kwa ghafla na betri ni ya uongo, volti zinaporomoka, ESC inakata ili kulinda seli, gari linasitasita na kuzima. Humu ndani nimesoma malalamiko mengi ya watu wanaodhani ESC zao zimekufa. Mmoja aliuza mota nzima kwa bei ya kutupa akiamini ni kimeo. Wadau, kabla hujauza chochote, pima betri.

Tena afadhali mimi, nina chaja yenye kioo. Wanaoumizwa kabisa ni vijana wa kirikuu. Kwa mgeni humu: kuna gari la rimoti la kampuni ya WPL liitwalo D12, la kipimo cha 1/10, lililochongwa kwa sura ya Suzuki Carry, na kwa sisi Watanzania hiyo ni kirikuu bila ubishi. Bei yake inafikika, ndiyo maana limewaingiza wengi kwenye hobi. Nimeona kijana amelijengea bodi ya mabomba ya chuma kwa spoku za baiskeli, akashona turubai la bluu lenye kamba halisi, akaandika nyuma kwa brashi ya nywele chache, na juu ya mzigo akafunga vikreti vya soda alivyochonga kwa mbao. Kazi ya kusimamisha watu. Mota ndogo ya saizi 260 akaitoa, akafunga kubwa zaidi ya 370, na hapo akahitaji betri. Akauziwa seli mbili za 18650, zile za duara za lithiamu, zilizoandikwa 9900 mAh kila moja. Hakuna 18650 ya 9900 mAh duniani. Nzuri kabisa zinacheza kwenye 3500 au zaidi kidogo, na seli halisi ina uzito wa gramu 45 na ushee. Zake ukizishika unahisi umeshika maganda. Kirikuu lile linakwenda mita chache, linapunguza mwendo, linasimama, na kijana anajiona ameharibu gari. Unamuuziaje mtoto wa watu kitu kama hicho ukalala usingizi?

Suala la moto. LiPo yenye seli ndogo kuliko stika yake inapolazimishwa inapata joto, umajimaji wa ndani unavunjika na kutoa gesi, ndiyo kule kuvimba. Halafu kuna hili la kuchaji. Utaratibu ni 1C, ampea sawa na uwezo wa betri: betri ya 6000 unaichaji kwa ampea 6. Anayeamini stika ataweka ampea 6 kwenye betri ambayo kiukweli ni 1900, yaani ataisukumia zaidi ya mara 3 ya kiwango chake. Atafanya hivyo kwenye chumba cha kupanga, pembeni ya godoro na neti, kwa sababu wengi wetu ndiko tunakochajia. Moshi wa betri hizi una hidrojeni floridi ndani yake, ambayo inaunguza mapafu. Mimi nachajia nje, juu ya sakafu ya saruji, ndoo ya mchanga iko karibu, na siondoki. Lakini mzazi aliyemnunulia mwanawe gari la sikukuu nani kamwambia? Muuzaji hakumwambia. Alimpa na kiwaya cha USB cha kuchajia, akamwambia kiache usiku kucha.

Najua kisingizio cha usafirishaji na nakielewa kuliko mnavyodhani. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za lithiamu ayoni zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kupakiwa kama mzigo kwenye ndege za abiria, na zikipanda ndege za mizigo hazitakiwi kuzidi asilimia 30 ya chaji. Kwa hiyo mawakala wa Guangzhou wengi wanazikataa, mzigo unakuja kwa meli, unakaa kwenye kontena lenye joto, unachelewa bandarini. Sawa. Hayo yanaeleza kwa nini betri ni ghali na kwa nini ni adimu. Hayaelezi sponji. Na kwa taarifa yenu, safari hiyo ndefu inazalisha tatizo jingine mnalotuficha: seli zinazofika zikiwa zimeshuka chini ya volti 3, mnazipandisha kinyemela na kuziuza kama mpya. Mdau, ukifika dukani omba kupima seli kupitia ile plagi ndogo nyeupe ya kubalansi. Betri iliyotunzwa vizuri inasoma karibu volti 3.8 kila seli, na seli zote zinafanana. Ukikuta moja 3.8 na nyingine 3.1, irudishe kaunta.

Nilipoirudisha yangu nilijibiwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikaomba risiti ya EFD, nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu "vifaa vya gari". Vifaa vya gari! Nchi hii ina Sheria ya Alama za Bidhaa tangu mwaka 1963, na FCC, Tume ya Ushindani, ipo kwa ajili ya mambo ya bidhaa bandia. Lakini ukienda na kikaratasi cha namna hiyo utathibitisha nini? Ndiyo maana hawatoi risiti. Kuanzia sasa nawaomba wote: hakuna risiti yenye jina kamili la betri, namba na mAh zake, hakuna kununua. Hata kama Jumapili tunakimbiza na huna betri. Kaa pembeni uazime.

Ninachodai kwa wauzaji ni kidogo. Andikeni ukweli. Kama ni 2000 mAh andikeni 2000, wekeni bei ya 2000, nitainunua na gari langu litatembea vizuri tu. Wekeni mizani na chaja juu ya kaunta, pimeni mbele ya mteja. Duka la kwanza kufanya hivyo nitalifungulia uzi wake wa kulisifia, na kundi letu la Kigamboni lote litahamia hapo.

Na nyie wadau, acheni kumezea. Kila mwenye betri aipime leo aweke hapa chini: ni 2S au 3S, stika inasema mAh ngapi, gramu ngapi kwenye mizani, imepokea mAh ngapi kwenye chaja, umenunua bei gani na mtaa gani. Majina ya maduka muyaache kwanza, tukusanye vipimo. Picha ionyeshe betri na namba ya mizani kwa pamoja, stika isomeke, ili asije mtu hapa akasema tumetunga.