Mrejesho: orodha ya alama iliyokuwa ikiruka namba
Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini programu yangu ya Python (lugha ya kuandikia programu), iliyopaswa kuondoa alama zilizo chini ya 40 katika orodha [35, 38, 72, 51], ilikuwa ikiiacha 38. Ni kweli kwamba 35 ilipoondolewa, 38 ilisogea hadi nafasi ya 0 (Python huhesabu nafasi kuanzia 0) wakati kitanzi, yaani sehemu ya programu inayopitia orodha namba moja baada ya nyingine, kimeshahamia nafasi ya 1. Nilifuata ushauri wa kuunda orodha mpya, [a for a in alama if a >= 40], yaani kuchukua kila alama iliyo 40 au zaidi, na sasa napata [72, 51]. Ushauri mwingine, wa kupitia nakala ya orodha huku nikiondoa namba kwenye orodha yenyewe, ulinishinda mwanzoni, kwa sababu niliandika nakala = alama, ambayo kumbe ni jina la pili tu la orodha ileile; nilipoweka alama[:], inayounda nakala halisi, ikakubali.