Tiba ya akili na uchumi: nani alimfuata mwenzake?

Kurunzi:
Wakuu, heshima kwenu. Nasoma uchumi, mwaka wa pili. Juzi mhadhiri kagusia ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993, ile iliyotumia kipimo cha DALY, yaani miaka ya uzima inayopotea kwa kufa mapema au kwa kuishi na ugonjwa. Akasema hapo ndipo wanauchumi walipoyaona magonjwa ya akili: sonona, ambayo kwenye takwimu za vifo ilikuwa haionekani, ikaanza kuhesabika. Nimebaki na swali. Miaka yote kabla ya hapo hawa wawili, uchumi na tiba ya akili, hawakuwa wakisalimiana?

Dawati la Nyuma:
Walisalimiana sana, tena Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, alikuwa anaongea kama mfanyabiashara. Kwenye kitabu chake cha ndoto cha 1900 anasema wazo la mchana ni kama mtu mwenye mpango wa biashara asiye na mtaji, na tamaa iliyofichika ndiyo tajiri anayetoa fedha. Kabla yake, 1869, daktari wa New York aitwaye George Beard aliutangaza ugonjwa wa neurasthenia, yaani uchovu wa neva. Kwake mgonjwa alikuwa mtu aliyetumia nguvu za neva kuliko alizonazo, akafilisika.

Mhasibu Mstaafu:
Kijana, hizo tamathali ni tamu, lakini mimi nimekaa chumba cha uhasibu cha hospitali ya akili miaka 19. Ushauri wangu: kila ukisoma historia hii, uliza nani alikuwa analipa.

Chukua Uingereza. Fukara mwenye ugonjwa wa akili alilipiwa na mamlaka za eneo lake, na kumweka kwenye nyumba ya kazi ya mafukara kulikuwa na gharama ndogo kuliko kumpeleka hospitali ya vichaa. Mwaka 1874 serikali kuu ikaanza kutoa shilingi 4 kwa wiki kwa kila fukara aliyeko hospitali. Hesabu ikageuka. Wazee waliopoteza kumbukumbu, watu waliokuwa wamekaa kimya kwenye nyumba za kazi, wakahamishwa. Halafu wakubwa wakakaa kujadili kama wazimu unaenea nchini!

Marekani ilikwenda kinyume. Mwaka 1955 hospitali za akili za umma zilikuwa na wagonjwa kama 559,000. Watu wengi watakwambia klopromazini, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, ndiyo iliyowatoa. Ilisaidia, sikatai. Ila dawa iliingia 1954, na wodi zikaanza kumwagika kwa kasi baada ya 1965, Medicaid, mpango wa serikali kuu na majimbo wa kulipia matibabu ya maskini, ilipokataa kulipia walio chini ya miaka 65 katika hospitali hizo huku ikichangia nyumba za uuguzi. Majimbo yakahamisha wazee huko, kwani bili ilikuwa inagawanywa na serikali kuu.

Na kwetu pia nililiona. Mfuko mmoja wa bima ulibadilisha fomu, ukataka kila mgonjwa aandikiwe namba ya ugonjwa inayolipiwa. "Msongo wa mawazo" haikuwemo. Mwezi uliofuata safu ya msongo kwenye leja ilikuwa tupu, na ya sonona imevimba. Wagonjwa walikuwa walewale, majina nayajua kwa mwandiko.

Sista wa Zamu:
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapo umetuonea. Daktari aliyeandika sonona huenda alitaka tu mgonjwa apate dawa. Na si kila kitu kilianzia kwenye bili. William Tuke na wenzake wa madhehebu ya Kikristo ya Quaker walifungua hospitali ya Retreat kule York, Uingereza, 1796 kwa sababu mwenzao alifia kwenye hospitali ya vichaa, waumini wenzake wamezuiwa kumwona. Waliwapa wagonjwa kazi za bustani kama tiba.

Mhasibu Mstaafu:
Marahaba, Sista. Nakubali, na daktari yule ningemtetea hata leo. Ninachoogopa ni leja inapoachwa peke yake. Mwaka 1920 Alfred Hoche, mtaalamu wa magonjwa ya akili, na mwanasheria Karl Binding waliandika kwamba wagonjwa wengine ni shehena tu kwa taifa. Miaka 20 haikupita, wagonjwa wakaanza kuuawa kwa gesi Ujerumani. Baada ya vita, katika ngome ya Hartheim huko Austria, mojawapo ya mahali walipouawa, ilikutwa takwimu yao: watu 70,273, na fedha "zitakazookolewa" kwa miaka kumi, zaidi ya Reichsmark (fedha ya Ujerumani ya wakati huo) milioni 885, zikichambuliwa kwa viazi, mkate, jemu. Kuna mtu alikaa mezani akajumlisha kilo za jemu. Kazi yake ilikuwa kama yangu.

Kurunzi:
Dah. Asanteni sana. Mzee, swali moja dogo: ile safu ya msongo ilirudi?

Mhasibu Mstaafu:
Haikurudi. Fomu ilibadilishwa mara mbili tena nikiwa pale, na safu ile tukaifuta ili karatasi itoshe.