Wazazi, mwalimu akisema "mbuzi" ulizeni mbuzi gani kabla hamjaja shuleni na fimbo!

Wakuu, nina hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, shule ya msingi huko vijijini mkoani Singida. Kwetu ni Tanga. Hilo la Tanga lishikeni, mtalihitaji mbele.

Ilianza na hesabu. Nafundisha kutoa kwa kukopa: 42 toa 17, mbili toa saba haiwezekani, tunakwenda kukopa kwa jirani. Nani hapa hakufundishwa hivyo? Mtoto mmoja akaulizwa nyumbani leo mmesoma nini, akajibu, "Mwalimu alikopa kwa jirani." Kesho yake: "Kakopa tena, na hajarudisha." (Kweli haturudishi, sijawahi kulifikiria hilo.) Ndani ya wiki mbili kijiji kizima kinajua nimezama kwenye mikopo ya kausha damu. Mangi ninayechukua kwake sukari na vocha nikamlipa mwisho wa mwezi akaniambia, bila kunitazama usoni, "Madam, siku hizi keshi tu." Nikanyamaza, nikijua litapita.

Likaja la mbuzi.

Kwenye kusoma tukakutana na sentensi "Mama anakuna nazi." Darasa zima likaangua kicheko. Watoto 94, hakuna aliyewahi kuona nazi ikikunwa. Wanachojua wao, unajikuna ukiwashwa. Siwalaumu. Minazi huku hakuna, na nyumbani wengi wanaongea Kinyaturu, Kiswahili wanakuja kukikuta kwangu. Nikawaambia, haya, kesho nitakuja na mbuzi yangu, nitaikalia hapa mbele muone meno yake yanavyofanya kazi.

Mbuzi YANGU. NitaIkalia. Sikusema mbuzi wangu nitamkalia. Lakini mtoto wa miaka saba ambaye kwao wana mbuzi kumi na tano zizini, atasikia ngeli gani hapo?

Jioni ile akina mama wakalipata kisimani: mwalimu kesho anamkalia mbuzi darasani. Usiku grupu la wazazi likaongeza la kwake: yule si wa Tanga, nyie Tanga hamuijui? Kuna sauti nimeitunza mpaka leo, baba mtu mzima anasema kwa uhakika kabisa kwamba mbuzi ni wa kafara, na watoto watamkalia kwa zamu ili nyota zao zichukuliwe. Nyota! Huyo baba namba yangu anayo. Mwezi uliopita alinipigia saa tatu usiku kuuliza habari za sare.

Asubuhi nafika na mbuzi yangu ndani ya salfeti na nazi mbili nilizotumiwa kwa basi, nakuta wazazi getini, wengine na fimbo. Darasani wamekuja watoto 31. Mtendaji kaitwa, Afisa Elimu Kata yuko njiani na pikipiki. Nikaitoa mbele yao wote. Mnadhani kuna aliyeomba radhi? Mzee mmoja akauliza mbona ina meno ya chuma.

Watoto sina ugomvi nao. Mtoto kasema alichosikia, hakuongeza neno. Kafara, nyota, kausha damu, hayo yametoka kwa watu wenye ndevu zao. Na msije hapa na vicheko. Mwaka 2008 kule Morogoro wazazi walikimbilia mashuleni waliposikia dawa za kichocho zinaua watoto, zikazuka vurugu, serikali ikasimamisha ugawaji. Dawa hizo mtoto hupimwa urefu kwa mti uliochorwa alama ili ijulikane ameze vidonge vingapi, na mara nyingi mshika mti ni mwalimu. Siku mtoto akifika nyumbani akasema "mwalimu katupitishia fimbo, halafu akatupa dawa," mimi nitakimbilia wapi?

Mkuu wa shule ameniambia nitafute mifano mingine. Mbuzi yangu iko ofisini kwa mtendaji, nikiiulizia naambiwa nisubiri. Sentensi ya nazi nimeiruka. Na kwenye hesabu sisemi tena tunakopa, nasema "tunachukua kumi." Juzi mama mmoja kanifuata hadi mlangoni kwangu anataka kujua hiyo elfu kumi nimemchukulia mtoto gani.