Programu ya kamera inaonyesha uharakishaji wa maunzi "umewashwa" huku mzigo wote ukibebwa na prosesa

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Programu ya kurekodi kamera za nyumbani ninayoilipia leseni kila mwaka, ambayo jina lake naliweka kando, inaonyesha katika ukurasa wake wa mipangilio, kwa maandishi ya kijani, kwamba uharakishaji wa maunzi, yaani kuikabidhi chipu maalumu kazi ya video badala ya prosesa, umewashwa, ilhali tangu toleo jipya lilipoingia hakuna hata fremu moja (picha moja ya video) iliyosimbuliwa, yaani kufunguliwa kutoka hali ya kubanwa, na chipu ya picha. Kazi yote imerudishwa kwenye prosesa kimyakimya. Hitilafu hutokea katika kila programu na hiyo ningeivumilia, lakini kuonyeshwa taarifa ambayo programu yenyewe inajua kuwa ni ya uongo sikubali.

Kwa ambao hawajakutana na jambo hili: kamera hutuma video iliyobanwa kwa mfumo wa H.264 au H.265, na programu haiwezi kutambua kama kuna mtu getini mpaka iifungue video hiyo fremu baada ya fremu. Prosesa nyingi za Intel zenye chipu ya picha ndani yake zimekuwa na sehemu maalumu ya kazi hiyo, iitwayo Quick Sync, tangu mwaka 2011, na za kizazi cha sita, zilizotoka mwaka 2015, zinaweza kusimbua hata H.265 ya biti 8. Kompyuta yangu ndogo ni ya kizazi hicho, na ilikuwa ikizihudumia kamera zote bila feni kusikika. Baada ya sasisho, prosesa ikawa inakimbia karibu na ukomo wake usiku na mchana, na betri za inveta zikawa zinaisha mapema kila umeme unapokatika. Kibaya zaidi, fremu zilianza kupotea. Usiku mmoja mtu alifungua geti letu, na kwenye rekodi geti linaonekana limefungwa, kisha ghafla liko wazi, na kati ya hapo hakuna kitu. Kamera niliziweka hasa ili nimwone mtu kama huyo.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza lilinitaka nipunguze ubora wa picha, la pili ninunue kompyuta mpya, na la tatu, ambalo ndilo lililonikasirisha zaidi, lilinishauri ninunue kifaa cha Coral. Coral ni kifaa kizuri, lakini kazi yake ni kutambua vitu ndani ya picha ambayo tayari imefunguliwa, na hakisimbui video hata kidogo. Mhudumu ambaye hatofautishi kusimbua video na kutambua vitu anamtuma mteja akatumie fedha zake kwa kitu kisichogusa tatizo lake.

Ikabidi nichunguze mwenyewe. Kwenye Linux, amri ya intel_gpu_top, inayopima kazi za chipu ya picha, ilionyesha mstari wa Video ukiwa sifuri muda wote. Amri ya vainfo, inayotaja aina za video ambazo chipu inazimudu, nilipoiendesha nje ya kontena (kasha lililotengwa ambamo programu hii inaendeshwa), iliorodhesha H.264 na HEVC, ambayo ndiyo H.265, kwa hiyo draiva na chipu vilikuwa vizima. Nilipoiendesha ndani ya kontena ilikataliwa ruhusa ya kufungua /dev/dri/renderD128, faili linalowakilisha chipu ya picha. Sababu ni kwamba toleo jipya linaendeshwa na mtumiaji wa kawaida badala ya root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), uamuzi ambao kiusalama ni sahihi kabisa, ila faili hilo la kifaa ni mali ya kundi la watumiaji liitwalo render, na kinachoangaliwa ni namba ya kundi wala si jina lake. Namba hiyo hutofautiana kati ya kompyuta moja na nyingine. Aliyekwama kama mimi aendeshe getent group render nje ya kontena, achukue namba inayotokea, aiweke chini ya group_add katika faili la compose, lenye mipangilio ya kontena, kisha aliunde kontena upya, maana kuliwasha tena tu hakutoshi. Kwangu mstari wa Video ulipanda papo hapo na prosesa ikapumua.

Suluhisho zima ni namba moja katika faili moja, na halikutajwa popote katika maelezo ya toleo. Tena nilipoongeza kiwango cha kumbukumbu za matukio (logi) za programu hadi cha uchunguzi, nilikuta FFmpeg, zana ya kusimbua video iliyo ndani yake, ilikuwa ikiripoti kosa hilo kila kamera inapounganishwa, na programu ikiliona, ikilificha, kisha ikirudi kwenye prosesa na kuyaacha maandishi ya kijani mahali pake. Mtu asiyezijua amri hizi angeamini kompyuta yake imezeeka, akanunua nyingine, na pengine tatizo likamfuata huko huko.

Nimewataka waweke ukurasani hali halisi ya kila kamera, yaani inasimbuliwa na chipu au na prosesa, na onyo litokee mara tu uharakishaji unaposhindwa. Nimewataka pia waandike habari ya ruhusa za kundi la render katika maelezo ya toleo, mahali ambapo mteja ataisoma kabla ya kusasisha. Hadi hayo yatakapofanyika, leseni ya mwaka ujao silipi, na hilo nimewaandikia. Mwenye programu inayoonyesha wazi usimbuaji wa kila kamera anitajie hapa chini, pamoja na kizazi cha prosesa anachotumia.