MREJESHO: Nimetenganisha chai na chakula

Wakuu, niliwauliza kwa nini nachoka hovyo wakati nakula vizuri tu, na zahanati walishaniambia damu imepungua kidogo. Wengi mlisema chai. Nilibisha kimoyomoyo, maana kwetu wali maharage bila chai ya rangi pembeni mtu anahesabu hajala.

Basi chai nimeihamishia saa kumi jioni, mbali na mlo, kwa sababu ina tanini zinazozuia madini ya chuma ya kwenye maharage na mchicha yasifyonzwe vizuri. Na yule aliyesema nikamulie limao, ubarikiwe sana: vitamini C inafanya kinyume chake, inasaidia chuma hicho kuingia mwilini. Siku hizi mama ntilie ananiwekea kipande bila kumwomba. Dagaa naongeza mfuko unaporuhusu. Vidonge vya zahanati sijaacha, msije mkanielewa vibaya.

Uchovu umepungua kweli, hata ngazi za kazini napanda bila kusimama. Ila usingizi wa saa nane mchana bado upo palepale, na huo nashuku ni mlima wa wali. Kupunguza sahani kunanishinda. Mwenye mbinu aje.